Kukatua

Kwa siku tatu nilizokaa Chumbi nilikuwa natafuta neno, na wapenzi wa lugha mnaosoma ukurasa huu mnaijua adha hiyo. Nilitafuta jina la ile mistari myembamba kuliko unywele inayojaa juu ya rangi ya gari lililooshwa na kufutwa kwa miaka mingi. Kivulini huioni. Litoe gari juani, tazama pale jua linapojiona kwenye boneti, nayo hujitokeza yote kwa mkupuo, imelizunguka jua duara ndani ya duara, kana kwamba kuna aliyeketi usiku kucha akiichora kwa sindano.

Vijana wanaoosha magari kando ya barabara kuu waliniambia ni mikwaruzo. Hawakukosea, ila mkwaruzo ni neno pana mno: mwiba hukwaruza, paka hukwaruza, hata sauti ya mzee aliyekesha kwenye matanga hukwaruza. Nikalikumbuka mtai, neno ambalo siku hizi silisikii sana, yaani alama ya mstari uliopitishwa kwa kitu chenye ncha. Lakini mtai huwa mmoja, unaonekana, na kucha ikipita juu yake huuhisi. Hii ninayoisema kucha haiihisi. Mchubuko ni wa ngozi. Chale hukusudiwa. Tandabui lilinivutia kwa umbo lake, ila buibui hutanda kitu kinachofagilika, na mistari hii haifagiliki. Kila ukiifagia huzidi.

Nilikwenda Chumbi kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, binti wa baba mdogo. Gari la kumbebea bibi harusi lilikuwa tayari limepatikana, nalo ni la marehemu baba yangu: Toyota Mark II, ile ambayo mitaani huitwa GX 100, ya buluu iliyokoza yenye chembechembe zinazometa. Baba mdogo amelitunza tangu kaka yake alipofariki. Alinipigia simu wiki mbili kabla. "Mwanangu, gari linatembea, lakini uso wake umechoka. Ninyi wa mjini mna dawa?" Nikamwambia dawa ipo. Rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam hufanya kazi ya kung'arisha magari, na kwa Jumamosi tatu mfululizo alinifundisha juu ya mlango mbovu uliong'olewa kwenye gari la ajali, kisha akaniazima mashine, sponji, dawa, tochi na kifaa cha kupimia unene wa rangi. Nikapanda basi la kusini na begi lililokuwa zito kuliko mimi.

Lazima niseme na jambo la pili lililonipeleka, maana bila hilo haya yote yangekuwa maelezo ya fundi. Ndani ya begi lilelile kulikuwa na daftari la mashairi la baba mdogo, alilonikabidhi mwaka uliotangulia, pamoja na nakala safi niliyoipiga chapa. Nilikuwa namrudishia, na nilikuwa naogopa.

Basi lilivuka Daraja la Mkapa asubuhi. Daraja lile, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilianza kutumika mwaka 2003; kabla yake watu na magari walivushwa Mto Rufiji kwa pantoni, na baba yangu, aliyekuwa dereva wa malori ya kusini, alikuwa na hadithi zisizokwisha za kulala Ndundu akingoja zamu. Hata daraja lilipokwisha, kipande cha kilomita zipatazo 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kilibaki kuwa cha udongo kwa miaka mingi zaidi, kiangazi vumbi, masika tope. Chumbi imo katika kipande hicho. Lami ilipofika baba alikwisha staafu, lakini tabia ya vumbi haikumtoka: kila alfajiri baada ya sala alichukua kipande cha kikoi kikuukuu akalifuta gari lake lote, kavukavu, kwa sababu maji ni ya kuchota na vumbi ni la kila siku.

Hiyo ndiyo asili ya mistari ile. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Ukilifuta gari vumbi likiwa juu yake, kitambaa hukamata chembe na kuziburuta, na kila chembe huacha njia yake. Gari linaloachwa uani bila kuguswa huchakaa kwa jua, lakini halipati mistari hii. Huipata lile linalopendwa. Nilipoliwashia tochi usiku wa kwanza, lilikuwa limejaa.

Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Nikamwonyesha jambo ambalo rafiki yangu alinionyesha, nami sikuliamini mpaka nilipolifanya kwa mkono wangu. Nilimulika boneti, duara zikatokea kuuzunguka mwanga. Nikaisogeza tochi shubiri mbili kuelekea taa ya kushoto. Duara zote zikahama nayo. Nikaisogeza tena, zikahama tena.

"Zinatembea?" akauliza.

Hazitembei, na wala duara hazipo. Mistari yenyewe imenyooka, mifupi, imelala ovyo kila upande. Ila katika maelfu hayo, ule tu uliokaa mkingamo wa njia ya mwanga ndio unaourudisha mwanga kwenye jicho la mtazamaji. Iliyolala upande mwingine hutupa mwanga wake kwingine na haionekani. Ukiiunganisha ile inayoonekana, hutoka duara, na kitovu chake huwa popote mwanga ulipo. Baba mdogo aliichukua tochi akaicheza kwa muda mrefu, akiitupa duara hapa na pale kama mtoto, kisha akasema, "Kwa hiyo kila mtu anaona mikwaruzo ya upande wake." Nikanyamaza. Nilihisi amekwisha anza kuzungumzia daftari.

Asubuhi tuliosha. Ndoo zilikuwa mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi kwenye gari. Vijana wa pale walicheka kwanza, wakaacha kucheka walipoona kilichobaki chini ya ndoo ya pili. Kisha tukapitisha udongo maalumu, ule unaofinyangika kama ugali, unaonasa lami na utomvu wa miti ulioshikamana na rangi. Kisha tepu ya karatasi kwenye kingo za plastiki na mpira. Kisha kupima.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo mambo yote yalipo. Rangi ya gari si tabaka moja. Juu ya bati kuna tabaka za kuzuia kutu na za kushikisha rangi, halafu rangi yenyewe, halafu vanishi ya uwazi ambayo mafundi huita kliya. Yote kwa pamoja, gari likitoka kiwandani, huwa kiasi cha maikroni 100 hadi 150, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vanishi peke yake huwa kiasi cha 40 tu. Unywele wa kichwani ni kama 70. Basi uzuri wote wa gari, ule mng'ao tunaousifu, umo ndani ya kitu chembamba kuliko unywele, na mistari ya baba yangu ilikuwa imechorwa humo.

Mashine haiizibi mistari hiyo. Nilipokuwa sijui, nilidhani dawa hujaza mikwaruzo kama fundi anavyojaza ufa kwa saruji. Sivyo. Kinachofanyika ni kuushusha uso mzima wa vanishi mpaka ulingane na sakafu ya mkwaruzo. Unaondoa kilicho kizima ili kilichokatwa kisionekane. Kinachoondoka hakirudi, gari moja lina idadi fulani ya kukatuliwa katika maisha yake, baada ya hapo hufika kwenye rangi, na baada ya rangi ni bati. Zipo pia dawa zinazojaza kwelikweli, zenye mafuta mazito. Gari hung'aa siku ya kuuzwa, kisha likioshwa mara mbili tatu mistari hurudi yote. Ndiyo maana fundi mwaminifu hulifuta eneo kwa spiriti kabla ya kulikagua, ili mafuta yasimdanganye yeye mwenyewe. Nawajua watunzi wanaotunga kwa dawa hiyo ya mafuta, nami nimo.

Nimetumia neno kukatua. Wazee walilitumia kwa sinia, bakora za fedha na vyombo vya shaba. Nimelisikia likisemwa juu ya panga pia. Sijui kama lina udugu wa damu na kukata, na sitaki kuwazushia wanaisimu nasaba, lakini mkono wangu ulikubali kwamba vitendo hivi viwili vinakaa nyumba moja. Hata mafundi wa mjini husema dawa hii inakata sana, ile inakata kidogo. Chembe zinazokata ndani ya dawa hizo mara nyingi ni oksidi ya alumini, yaani dutu ileile iliyofanya yakuti, ile yakuti ambayo washairi wetu wameigawa bila hesabu kwa macho na midomo ya wapenzi wao. Nilipomwambia baba mdogo kwamba tunalisugua gari kwa unga wa ndugu yake yakuti, alisema ndiyo maana inauzwa ghali.

Naye akanipa lake. Alimtuma mjukuu wake nyuma ya nyumba akarudi na majani mapana, ya kijani isiyong'aa. "Unayajua haya?" Nikayagusa, yalikuwa kama ulimi wa paka. Ni majani ya msasa. Mimi nimehariri maandishi ya watu kwa miaka kumi na tano, nimesema na kuandika kupiga msasa labda mara elfu, kupiga msasa hoja, kupiga msasa vipaji, kupiga msasa beti, na siku zote hizo nilikuwa naona akilini karatasi ya dukani yenye namba mgongoni. Sikuwa nimewahi kuushika mti. Baba mdogo ujanani alisaidia wachonga mitumbwi na makasia, na mpini wa kasia, alisema, haumaliziwi kwa chuma. Humaliziwa kwa jani. Jani halina nguvu ya kubadili umbo. Kama kasia limechongwa kombo, jani litaling'arisha kombo lake. "Jani linatoa vijiti vinavyochoma mkono," alisema. "Basi. Mengine ni ya tezo, na tezo inakuwa kwa mwenye mti."

Nikajua sasa kwamba anazungumzia daftari.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba mdogo ni mkulima na mtunzi, na katika miaka yake zaidi ya sabini hakuwahi kuchapishwa. Aliponipa daftari aliniambia nilipige msasa kidogo. Nilichukua shairi moja la mto nikalinyoosha, nikalipeleka gazetini, nalo likatoka na jina lake. Katika daftari, ubeti wa pili ulikuwa na mishororo hii:

Maji yakenda mtoni, mlau twapanda shamba,
Dungu letu li hewani, nguzo zake kama mwamba.

Katika gazeti ilisomeka hivi:

Maji yakenda mtoni, mahindi twapanda shamba,
Nyumba yetu i hewani, nguzo zake kama mwamba.

Wenye mizani vichwani mtakuwa mmekwisha hesabu. Mlau ni mizani tatu, mahindi ni tatu. Dungu ni mbili, nyumba ni mbili. Nane kwa nane zikabaki nane kwa nane, vina havikuguswa, na msomaji wa Tabora au Kisumu hatakwama. Nilijipongeza. Nilikuwa nimebadili maneno mawili bila kuacha alama, na alama ndiyo kitu mhariri anachoogopa.

Lakini mlau si mahindi. Katika bonde la Rufiji mlau ni kilimo kinachofuata maji: mto ukisha furika wakati wa masika na kushuka, watu huteremka kupanda katika tope lililoachwa, na mazao hukua kwa unyevu wa ardhi bila kungoja mvua. Mahindi yanaweza kuwamo, kunde zinaweza kuwamo. Mlau ni wakati, ni mahali, ni mto wenyewe. Na dungu, ambalo kamusi hulieleza kama ulingo wa kuamia ndege, kwa watu wa bonde lilikuwa makazi ya msimu mzima, nyumba ya miti juu ya nguzo, maji yakipita chini watu wakipika juu. Mwaka 1968 na 1969 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya nchi ya juu, na waliozaliwa baadaye wamezidi kulijua dungu kwa masimulizi. Baba mdogo alizaliwa dunguni.

Msomaji mmoja aliandika kulisifu shairi, hasa, alisema, istiari ya nyumba iliyo hewani, inayoonyesha ndoto za mkulima maskini. Nilimsomea baba mdogo sifa hiyo kwenye simu. Alinyamaza, kisha akasema shairi limeng'aa kweli, akauliza ni la nani.

Sijapata kuulizwa swali lililonikaa kooni namna ile. Na sitaki kujifanya mtu aliyeona mwanga mara moja akalaani usanifu wote. Kiswahili chenyewe tunachoandikia hapa kilipita msasani: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi, Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, na kwa kazi hiyo mimi wa Rufiji nasomwa na wewe uliye Kampala. Nina deni kwa waliosugua. Ila wao, kama mimi, walisugua kwa kushusha, na uso ukishuka hakuna dawa inayoupandisha.

Turudi kwenye boneti. Mashine za kukatulia ni za aina mbili. Iko inayozunguka tu, duara moja, kwa nguvu. Hiyo hukata haraka na hupasha joto mahali pamoja, na asiyeijua huivusha kingo mpaka bati likatokea. Iko nyingine inayozunguka huku ikiyumba, sponji hairudii njia yake ileile, joto hutawanyika. Niliazimwa hii ya pili, na rafiki yangu alisema kwa upole kwamba ile ya kwanza si ya mtu wa vitabu.

Unaweka matone manne ya dawa kwenye sponji, kila moja kama punje ya kunde. Unayapaka kwanza mashine ikiwa imezimwa, maana ukiiwasha hewani utaipaka harusi nzima. Unachagua eneo la nusu mita kwa nusu mita, si zaidi. Unaanza taratibu, unapandisha mwendo, na mkono unaenda sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila pito likifunika nusu ya lile lililotangulia, kwanza kwa upana kisha kwa urefu. Hukandamizi, uzito wa mashine na wa mkono uliotulia vinatosha. Nilijikuta nahesabu mapito kama mizani. Kijana mmoja alinisikia akadhani nasoma uradi.

Nilipofuta eneo la kwanza kwa kitambaa cha nyuzi laini na spiriti, nikamulika tochi, hapakuwa na kitu. Hapakuwa na duara wala mstari. Palikuwa na tochi nyingine ndani ya gari, imetulia, na nyuma yake uso wangu, na nyuma yangu mwembe. Vijana wakasogea. Baba mdogo akaweka kidole kwenye mpaka, upande mmoja buluu ya kina, upande wa pili buluu yenye ukungu, akasema, "Kumbe ilikuwa hivi siku zote." Kwa saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha, nami siionei haya. Kuna waandishi wanaoona kila kusafisha ni usaliti. Wangeliona boneti lile wangenyamaza.

Umeme ulikatika saa sita, ukarudi alasiri. Milango ilikwenda vizuri. Kwenye buti kipimo kilisoma 84, ilhali boneti ilisoma 118 na milango karibu na hapo. Bila shaka kuna mtu alikwisha lipita buti kwa nguvu zamani, labda huko lilikotoka kabla halijavuka bahari. Pale nilitumia sponji laini na dawa ya mwisho tu, isiyokata sana, mistari mingi ikabaki. Baba mdogo aliuliza mbona hapa bado. Nikamwambia pamebaki pembamba. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya ndugu.

Likabaki paa.

Nilipanda juu ya ndoo, nikalimulika. Duara zilikuwepo kama kwingine, nzito kuliko kwingine, lakini katikati ya paa palikuwa na eneo lisilokuwa na kitu, refu, lenye umbo la jani, rangi yake imekaa kama ya kiwandani. Nilidhani ni kivuli. Nikahamisha tochi, eneo halikuhama. Nikashuka, nikazunguka upande wa pili, nikapanda tena, lilikuwa palepale. Ilinichukua muda kuelewa. Baba alikuwa mfupi. Alifuta kwa kusimama upande wa dereva na kunyoosha mkono, halafu akazunguka akafuta kwa upande wa abiria, na katikati mkono wake haukufika. Kwa miaka yote ile pale hapakuguswa na kikoi.

Baba mdogo alikuja akapanda ndoo. Nilimwonyesha bila kusema. Aliegemea mlango, akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya paa, vidole vikaishia shubiri nzima kupita ukingo wa eneo lile. Yeye ni mrefu. Aliuacha mkono pale kidogo.

Mashine ilikuwa imewaka mkononi mwangu. Kazi ya paa ingechukua saa moja na nusu, na vanishi ilikuwa ya kutosha. Kipimo kilisoma 124. Hapakuwa na sababu yoyote ya kifundi ya kuacha.

"Paa liache," alisema akishuka. "Harusi haitazamwi kwa juu."

Nikazima.

Tulimalizia kwa nta. Ilikuwa nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili ulio jamaa ya mivumo na mikindu yetu, na hilo lilimpendeza baba mdogo kuliko yakuti. Alinusa kopo akasema mkeka mpya. Kisha tukakaa barazani, sponji zikikauka juu ya kamba kama maandazi. Hapo nilitoa daftari na nakala. Nilimweleza nilichofanya, neno kwa neno, shairi kwa shairi, maana lile la gazetini halikuwa la peke yake; nilikuwa nimebadili maneno katika mashairi kumi na moja. Nilitaka kuomba radhi vizuri, kwa sentensi niliyoiandaa kwenye basi, lakini aliniomba kalamu.

Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Mahali pengine alipita bila kugusa. Mahali pawili alisema hapa umefanya vizuri, kina kilikuwa kinachechemea na nilikijua. Akafika ubeti wa mto. Mwaka juzi, Aprili 2024, mto ulifurika ukafunika mashamba ya Rufiji na Kibiti kwa namna ambayo hata wazee waliishangaa. Na huko juu, Bwawa la Julius Nyerere lilikwisha anza kujazwa maji tangu Desemba 2022, na watu wa bonde wanaulizana mto utakuwa na mwendo gani sasa. Nilimwuliza kama wajukuu wake watalijua neno mlau. Hakunijibu hilo. Alikata mahindi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake kwa hati yake ya kulala: mlau. Akakata nyumba, akarudisha dungu, na kwa sababu dungu lilirudi ikabidi arudishe letu na li. Kurasa zangu safi zikawa na mitai, na neno hilo sasa lilikuwa mahali pake.

Halafu akanyoosha vidole vya mkono wa kushoto akaanza kuhesabu kwa kidole gumba, kimyakimya, alipofika nane akakunja ngumi, akaanza tena.

"Zimetimia?" nilimwuliza.

"Zilikuwa hazijapungua," alisema, akafungua ukurasa uliofuata.